Ngumbao, Ondoka Mlangoni kwa Mayo

Bweni la mabaharia,
bandarini, ugenini.

Kwako Mayo wangu, Sabaki.

Shikamoo Mayo. Ni mimi Katana, mwanao wa pili. Ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe, nimekaa kwenye kiti, miguu iko sakafuni, na sakafu haitikisiki. Niko hai. Ngumbao, wewe unayemsomea Mayo barua hii, rudia hapo: niko hai. Na usome polepole, usipoteze maneno kama unavyopoteza vifungo vya nguo za watu kwenye hicho cherehani chako.

Mke wangu Kache ameniambia kwamba hata baada ya mimi kupiga simu na wewe kunisikia, Mayo, hukuamini. Eti umesema sauti ya mtu hubaki ndani ya simu hata mwenyewe akiwa hayupo, kwamba ya marehemu Baba ilibaki kwenye simu ya dada Dama mpaka ilipoingia maji. Sikulaumu. Ndiyo maana nimechukua karatasi. Hakuna simu inayoweza kuandika mwandiko mbaya kama huu. Na ukiwa bado una shaka, nakupa jambo tunalolijua mimi na wewe peke yetu: ule mwiko mkubwa wa sima ulivunjikia mgongoni mwangu, si mlangoni kama ulivyomwambia Baba. Sasa Ngumbao naye amejua. Basi, hakuna jinsi.

Kabla ya habari zangu nataka zenu. Goti la kushoto linaendeleaje, bado linakukatalia wakati wa kuinuka? Ile dawa niliyomtumia Dama uliipaka au uliwagawia majirani? Mahindi ya kando ya mto mlivuna nyinyi au walivuna viboko? Na yule mbuzi mwekundu hajambo? Huyo namuuliza kwa sababu maalumu. Nimesikia Mjomba alikwisha kumchagua kwa ajili ya hanga langu.

Hapo, Mayo, nimeudhika, na sitaficha. Mimi niko baharini napima unga kwa kikombe nipate kuishi, na Mjomba yuko nyumbani anapima nyama ya matanga yangu. Eti meli yetu imepigwa. Nani alimwambia? Aliona picha ya meli inayoungua kwenye simu ya mtu sokoni Malindi. Bahari ina meli ngapi? Mjomba huyuhuyu ndiye aliyesema mwanamume hapiki, nilipoanza kusugua masufuria kwenye ile hoteli ya Wataliano. Nikasugua. Nikawatazama wanavyokanda, nikajifunza mkate wao kwa macho, bila ada ya shule na bila kushikwa mkono na mjomba wala shangazi, mpaka leo nalisha meli nzima. Mtu wa hivyo hafi kwa picha ya sokoni. Mwambieni.

Na wewe Ngumbao, Kache ameniambia pia ulilolifanya wewe. Nitalifikia. Endelea kusoma.

Mambo yalikuwa hivi. Meli yetu ilipakia ngano, tani elfu thelathini, na ilitakiwa ipite mahali ambapo bahari inakuwa nyembamba, nchi huku na nchi kule. Tulipofika, vita vilikuwa vimefika kabla yetu. Nahodha akatia nanga nje ya mlango huo wa bahari. Tukawa meli nyingi pale, tumepangana kama ng'ombe wanaosubiri josho. Mchana tuliona moshi upande wa pili. Vitu visivyo na rubani vilipita juu yetu vikinguruma kama pikipiki mbovu, na kila vilipopita tuliinama, kana kwamba kuinama kunasaidia. Wenye meli wakaamuru mawasiliano yote yazimwe tusionekane. Ndiyo maana mlinikosa. Si kwamba nilisahau kwetu. Ilibaki simu moja tu ya setilaiti, ya nahodha, naye aliifungia kama mke mkubwa anavyofungia sukari.

Sikuhesabu siku, Mayo. Nilihesabu unga. Tulikuwa watu ishirini na mmoja. Mtu wa kazi ya mashine anataka mikate mitatu midogo kwa siku. Nikampa miwili, kisha mmoja na nusu. Na chini ya miguu yangu iko ngano, tani elfu thelathini! Imefungwa, ina lakiri za wenyewe, huruhusiwi kugusa hata punje. Dama alikuwa amenilalamikia, kabla mtandao haujazimwa, kwamba unga wa mahamri umepanda Malindi na wateja wanamwona yeye ndiye mwizi. Mwambieni huo unga nilikuwa nimeulalia mimi. Godoro juu, ngano chini, watu wa Ganze wanarudi kutoka dukani na mifuko mitupu, na kombora linapita juu ya sote. Hiyo ndiyo hesabu ya vita. Nimeipiga mara nyingi na haijatoka hata mara moja.

Lakini unga haukuwa shida kubwa. Shida ilikuwa maji. Meli ina mtambo unaogeuza maji ya bahari yawe ya kunywa. Mtambo huo ukaanza kukohoa. Ukatoa nusu, kisha robo. Kuutengeneza kulitaka mafundi wawili, mmoja ndani na mmoja nje, wanaoitana kila hatua: fungua, funga, legeza. Na mafundi tuliokuwa nao walikuwa hawasemezani.

Hawa mafundi nitawaita Ndevu na Kipara, na sura zao hazihitaji maelezo zaidi. Nchi zao zinapigana. Si vita vya pale mlangoni, ni vita vingine, mbali, kwenye theluji. Sitazitaja nchi zenyewe, maana najua barua hii itasomwa mbele ya watu, na mkisikia majina mtaanza kuchagua upande kama timu za mpira, Mjomba awe refa. Zamani hawa wawili walikuwa marafiki, kila jioni wanacheza dama, ule mchezo wa kete, na kudanganyana. Vita vilipoingia kwenye miji yao, dama ikaisha. Kipara akala kwenye meza ya mlangoni, Ndevu akala kwenye meza ya ndani. Mimi napakua mara mbili, naosha mara mbili. Hata zamu za kazi zikapangwa wasionane.

Sasa wenye meli walitaka tupite. Waliahidi malipo mara mbili kwa atakayekubali. Mimi niliipiga hesabu hiyo papo hapo: mara mbili ya mshahara kwa maiti ni sufuri. Nahodha, ambaye ni mtu mzima mwenye watoto, hakutaka kupita, lakini hakutaka kukataa peke yake. Alisema wenye meli hawatamsikiliza mpaka mafundi wa mashine waseme neno moja, kwani bila hao meli haiendi. Basi akawa anawauliza. Kipara akisema turudi, Ndevu anasema tupite. Kesho yake Kipara akigeuka, Ndevu naye anageuka. Hakuna kati yao aliyetaka kufa, Mayo. Hawakutaka tu kukubaliana. Uhai wangu ulikuwa umening'inia kati ya ndevu na kipara.

Usidhani nilikuwa natafuta amani ya dunia. Mimi nilitaka maji ya kupikia wali.

Asubuhi moja nikaifunga ile meza ya ndani kwa kamba, nikapanga bakuli zote kwenye meza moja. Ndevu akaingia, akasimama.

"Nini hii?"

"Meza moja imekufa," nikamwambia. "Sina maji ya kuosha mbili."

"Basi nitakula nimesimama."

"Simama. Lakini mkate leo una masharti."

Nikawaeleza habari yetu sisi na kina Ngumbao, kwa Kiingereza changu cha jikoni. Kwamba mababu zetu na mababu zake walipigana kule Ganze kwa ajili ya kisima, wakauana, mwisho wakachoka, wakala kiapo. Kwamba tangu hapo sisi ni watani. Ngumbao anaweza kuingia kwetu akanyakua kuku, akaniita mwizi mwana wa mwizi mbele ya mke wangu, na nikikasirika mimi ndiye mwenye kosa. Na mtu wetu akifa, watani ndio wanaochimba kaburi, na mtani hulala ndani ya shimo akakataa kutoka mpaka apewe chake.

Kipara, aliyekuwa amekwisha kukaa mezani, akaweka kijiko chini. "Babu zenu waliuana, na nyinyi mnaibiana kuku?"

"Ndiyo."

"Ilichukua miaka mingapi?"

"Sijui. Lakini hawakungoja waishe wote. Wangengoja, leo ungepikiwa na mtu mwingine."

Nikatoa sharti langu: anayetaka mkate amtukane mwenziwe kwanza, hapa mbele yangu, na anayetukanwa akinuna, anakosa. Mipaka ni miwili, usiguse vita na usiguse mama wa mtu. Ndevu akasema ule ni wazimu, akatoka bila mkate. Mchana akarudi, njaa imemshinda. Kipara alikuwa mezani. Ndevu akasimama akiangalia ukuta, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Hicho kichwa chake," akasema. "Kama boya lililopakwa rangi na mlevi."

Kipara akatafuna. Akameza. Akafuta mdomo.

"Na wewe umemeza paka," akasema, "manyoya yamebaki nje."

Baharia mmoja alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Nikawapa mikate yao, nikakimbilia jikoni kabla sijaangua kicheko mimi, maana mwenye sharti naye hapaswi kucheka.

Haikupita muda matusi yakahama mezani yakashuka chini kwenye mashine. Niliyasikia kupitia kwenye bomba la jikoni: "Fungua, wewe paka!" "Nimefungua, wewe boya!" "Legeza!" "Nilegeze nini, akili yako?" Bomba likatema kutu, likapiga chafya, likatoa maji. Nikayaonja. Yalikuwa matamu, Mayo. Nikamshukuru Mungu, kisha nikamshukuru Ngumbao, kwa mpango huo huo, asije akavimba kichwa.

Hapo ningenyamaza ningekuwa mtu mwenye busara. Lakini habari ikaja kwenye ile simu ya nahodha. Ndevu alikuwa na mdogo wake, dereva wa basi mjini kwao, mtu wa kujua vituo na kona na nani anashukia wapi. Alinyang'anywa usukani akapewa bunduki, akapelekwa mstari wa mbele. Ameuawa. Nahodha akamwita Ndevu juu ili amwambie.

Mimi nikamkimbilia Kipara. "Inuka," nikamwambia. "Mwenzio kafiwa na ndugu."

Akakaa kitako kwenye ngazi. "Watu wa kwetu ndio waliomuua," akasema.

"Ndiyo maana ni wewe. Kwetu mtani ndiye wa kwanza kufika."

"Nifike nifanye nini?"

Hapo, Mayo, ndipo nilipofanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angelifanya. Mimi nimekulia kwenye mahanga. Nimeona watu wanalia mpaka sauti zinakauka, kisha mtani anaingia amevaa kanzu ya marehemu, anatembea kama yeye, anakohoa kama yeye, na kilio kinavunjika kuwa kicheko, na kicheko kinarudi kuwa kilio, lakini kile cha kumpumzisha mtu. Nikadhani dunia nzima iko hivyo. Nikawaza, kaburi hatunalo, lakini kitanda kipo.

"Nenda kalale kitandani kwake," nikamwambia Kipara. "Akikuuliza, mwambie hutoki mpaka akulipe."

"Una hakika?"

"Hakika kabisa."

Ndevu akashuka kutoka kwa nahodha, akafungua mlango wa chumba chake, akamkuta mtu wa nchi iliyomuua mdogo wake amejinyoosha juu ya shuka zake.

Kishindo nilikisikia nikiwa jikoni. Tulipofika, Ndevu alikuwa amemkalia mwenziwe kifuani na pua ya Kipara imehama mahali pake. Ilibidi tuwe wanne kuwaachanisha. Na Kipara, damu inamchuruzika, hakurudisha hata ngumi moja. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ulisema hakika," akasema.

Nahodha akaniita. Nikamweleza utani, nikaeleza na hanga, nikaeleza na kisima cha Ganze, jasho linanitoka. Alipochoka kusikiliza akasema, "Mpishi, pika." Maneno mawili. Nikarudi nikakata vitunguu, na ilikuwa mara ya kwanza nisijue nimekata vingapi. Meza mbili zikarudi. Mtu hulelewa na jambo kama letu tangu angali mgongoni mwa mamake. Mimi nilimtwika mgeni siku ya msiba wake. Nilijiona mjinga, na zaidi ya ujinga niliogopa. Neno lilikuwa limekuja kutoka kwa wenye meli kwamba jibu la kupita au kurudi linatakiwa asubuhi, na meli iliyokuwa jirani yetu ilikuwa tayari inapandisha nanga iende. Mpishi wa meli ile alikuwa na mazoea ya kunipungia mwiko kutoka nyuma ya meli yao, nami namjibu kwa wangu. Hatukuwahi kujuana jina. Jioni ile alipunga kama kawaida, wakaingia kwenye ule moshi. Sijui kama walitoka upande wa pili. Ukisali, Mayo, mwombee na huyo.

Asubuhi nikikanda unga, Ndevu akatokea mlangoni. Macho mekundu. Nikashika mwiko, sikujua kaja na shari ya aina gani.

"Mpishi. Yule alilala kitandani kwangu kwa nini?"

"Nilimtuma mimi."

"Hilo najua. Yeye hana akili ya kubuni kitu kama hicho. Nauliza kwa nini."

Nikamwambia kweli, kwamba sijui wazee waliipa maana gani. Nikamwambia ninavyoona mimi: mtu ambaye babu yake angeshangilia kifo hiki, ndiye anayelala shimoni akiuzuia udongo usimwangukie mtu wako.

Akatazama unga mikononi mwangu. "Na mkimaliza," akauliza, "mfiwa hufanya nini?"

"Hunyolewa."

"Na nani?"

Nilikuwa nimekwisha kuvunja pua ya mtu kwa kujifanya najua. "Yeyote mwenye mkono mzuri," nikasema, nikaishia hapo.

Akaondoka. Nikasikia anagonga mlango kule mwisho wa ujia, na ulikuwa mlango wa Kipara. Wakarudi wawili, Ndevu mbele, Kipara nyuma, pua yake imevimba kama bilingani. Ndevu akavuta kiti akakiweka katikati ya chumba cha kulia, akaketi, akatoa wembe mfukoni, ule mrefu wa kukunja, akauinua juu ya bega lake bila kugeuka.

"Nyoa."

Watu wakaja mmoja mmoja. Nahodha naye akashuka, akaegemea mlango. Mimi nilisimama na sufuria ya maji ya moto, lita mbili nilizozipima, maji yaleyale waliyoyatengeneza wenyewe kwa matusi. Kipara akafungua wembe. Ukacheza mkononi mwake.

"Mkono wangu unatetemeka," akasema.

"Ngoja uache."

Akangoja. Hakuna aliyegusa chai. Kisha akaanza, shavu moja, akashuka kwenye kidevu, na alipofika shingoni Ndevu akainua kichwa akatazama dari, koo lote wazi mbele ya mtu ambaye jana yeye mwenyewe alimvunja pua na ambaye nchi yake imemzika mdogo wake. Manyoya yakaanguka kwenye sakafu niliyoipiga deki. Hata hilo nilisamehe.

Shavu moja limekwisha, Kipara akausimamisha wembe. "Bado hujanilipa," akasema.

"Nini?"

"Nililala kitandani kwako. Mpishi alisema nitalipwa. Mpaka sasa nimelipwa ngumi tu."

Ndevu akacheka, Mayo. Nusu ana ndevu, nusu hana, akacheka, na kicheko kikamgeukia kifuani, akaufunika uso kwa taulo langu la jikoni akalia kama tunavyolia kwetu, kwa sauti. Kipara akaweka wembe mbali, akamshika kichwa kwa mkono mwingine. Alipotulia, Ndevu akanyoosha mkono akachukua mkate wake mezani, mmoja na nusu, wote, akamsukumia.

"Chukua. Paka wangu umekwisha kumuua, kula na mkate."

Hapo ndipo nahodha aliposema pale mlangoni, taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto: "Mafundi. Tupite au turudi?"

"Turudi," wakasema. Wote wawili, kwa pamoja, kisha wakatazamana kana kwamba wameibiana neno.

Tukarudi. Nahodha aliwaambia wenye meli kwamba mashine zake hazina mtu wa kwenda kule, na wenye meli walifoka, lakini kufoka hakupandishi nanga. Niliposikia mnyororo unapanda nilikaa juu ya gunia la mchele. Nililala siku hiyo kama niliyezimwa. Sasa tuko kwenye bandari ya watu wengine, ngano inashushwa kwenye malori, itakuwa mkate wa mtu fulani, nami nimelala kitanda kisichocheza na kula papai. Nimeongezeka kilo mbili. Naandika haya naona kama jiwe limeondolewa mgongoni.

Sisemi vita vimekwisha. Vya kule mlangoni viko, vya kwenye theluji viko, na waliovianzisha sijasikia hata mmoja wao amepunguziwa mkate. Nawachukia kwa hilo kuliko nitakavyoweza kuandika. Lakini nimeona mahali pawili vita vilipokataliwa, kisimani Ganze na jikoni kwangu, na kote kuwili waliovikataa hawakuwa wakubwa wala wasomi. Walikuwa watu wamechoka na wana kiu. Hilo linanitosha kutumaini.

Karisa, kaka yangu mkubwa, najua uko hapo unasikiliza. Ile kazi ya ulinzi ng'ambo uliyoniandikia, ya tiketi ya bure na mafunzo ya wiki chache, usiende. Anayekulipia ndege na hajakuuliza unajua kazi gani, anajua atakachokupa mkononi. Yule dereva wa basi naye alikuwa na kazi yake. Kaa. Nikifika tutanunua pampu ya kumwagilia lile shamba la mtoni, wewe ulilime, mimi nitakushughulikia hesabu, maana zako nazijua.

Barua hii anaileta baharia mwenzangu wa Takaungu aliyemaliza mkataba. Mpeni chai na msimwulize maswali ya Mjomba. Mpishi wa kunipokea ameshapatikana, akifika napanda ndege.

Msalimieni Dama dada yangu, aendelee na mahamri, unga utashuka. Msalimieni Kache, mwambieni nguo zangu azitoe sandukuni azianike. Majirani wote wa upande wa mtoni, na mama mkwe kule Ganze, waambieni nimeuliza habari zao. Mjomba msalimieni pia. Ni mjomba wangu, nitafanyaje.

Sasa wewe Ngumbao. Kache ameniambia kwamba Mjomba alipokuja na kamba kumchukua mbuzi, ulilala umekingama mlangoni kwa Mayo, utepe wako wa kupimia nguo shingoni, ukasema: "Kaburi la Katana la kulala ni langu mimi. Sijaitwa, sijalala, basi hajafa. Anayetaka hanga anikanyage kwanza." Na kwamba tangu siku hiyo hujaondoka, na sima ya mama yangu unaila asubuhi na jioni. Kache aliponieleza nilicheka mpaka mwenzangu wa chumbani akadhani nimeugua. Kisha sikucheka tena.

Mayo, mlipe. Mpe yule jogoo mkorofi anayewapiga watoto, hakuna atakayemkosa. Mbuzi mwekundu asiguswe.

Na wewe, mwizi mwana wa mwizi, umeshasoma mwandiko wangu kwa mdomo wako mwenyewe. Simama, jipanguse vumbi, ondoka mlangoni kwa Mayo. Nataka kupita.

Mwanao,
Katana, mpishi wa meli.